Kiungo cha Nne

Bi Kalunde hana mifupa kamili.
Sanamu ya plastiki pale Kitete ilipoteza mkono
siku chumba cha mazoezi kilipohamishwa,
basi ananifundisha bega langu juu ya bega langu,
kwa kidole kilichopoa kwa maji ya bomba.

Anaanzia chini ya koo, penye kishimo
ambamo jasho langu limetuama miaka thelathini.
"Kiungo cha kwanza. Mtulinga unakutana na kidari."

Mtulinga naujua. Hii ndiyo reli yangu.
Juu yake yamepita magunia ya karanga za Nzega,
mabelo ya tumbaku ya Urambo, madumu ya asali
yaliyovuja yakawaita nyuki hadi ndani ya behewa.
Sikujua tu kwamba ni mwembamba hivi,
umepinda kama mwiko uliosahauliwa juani,
wala kwamba ndio peke yake
mfupa unaoufunga mkono mzima kifuani.
Mmoja! Nikamwambia, dada,
hata mbuzi mnadani hafungwi kamba nyembamba hivyo.
"Mbuzi hana mtulinga kabisa," akasema.
"Umewahi kuona mbuzi akimkumbatia mtu?"

Cha pili kiko kwenye ncha, chini ya sugu.
Hapo mtulinga unagusana na kombe la bega,
na kombe, akaligeuza kutoka mgongo wa sanamu,
ni jembe lisilo mpini, jepesi,
ukiliinua dirishani mwanga unapenya.

Cha tatu ndicho kilichonileta.

"Nyonga ni mchi ndani ya kinu," akasema,
"mguu umezama, hautoki hivi hivi.
Bega ni chungwa juu ya kisahani cha chai.
Lizungushe utakavyo, mbele, nyuma, juu ya kichwa,
ila usishangae likianguka."

Sikushangaa. Nilisikia *ko*.
Ilikuwa treni ya Kigoma, saa nane usiku, mvua,
Ntabaye juu mlangoni akinishushia gunia,
ubao wa kupandia umelowa.
Chungwa likatoka kisahanini
nami nikakaa kwenye kokoto nikiwa nimebeba mkono wangu
kama mtoto wa jirani.
Ntabaye akavua kiatu, akatia kisigino kwapani mwangu,
akavuta. Daktari amemgombeza mpaka leo.

"Na cha nne?"
Akasita. Akaweka kiganja mgongoni pangu,
akaniambia niinue mkono polepole.
Nikasikia kombe likiteleza juu ya mbavu,
kama mtu anayegeuka kitandani asiwaamshe wenzake.
"Hapa mfupa haugusi mfupa.
Hakuna gegedu, hakuna ute, hakuna kano ya kuufunga.
Nyama inateleza juu ya nyama, basi."
Kwa nini mnakiita kiungo?
"Kwa sababu kinafanya kazi ya kiungo."

Nikanyamaza.
Ntabaye ni Muha wa Kasulu, mimi ni wa hapa Isevya.
Hatuna bibi mmoja, hatujaoleana,
dini zetu zinapishana Ijumaa na Jumapili.
Miaka kumi na tisa ananitwisha, namtwisha.
Kila Jumamosi sasa analeta nusu ya ujira
katika karatasi ya sukari
na kusema ni deni, la lini hasemi.

Zoezi la leo: vidole vitambae ukutani kama buibui.
Bi Kalunde ameweka alama ya penseli nilipoishia,
chini sana ya alama ya mwanamke mmoja
aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli.
Nitamfikia.

Nje, Ntabaye ameshika kofia yangu na dawa.
Akatangulia. Shati lake limechakaa mgongoni
nami nikaona, kwa mara ya kwanza,
makombe mawili yakipanda na kushuka
bila kushikwa na chochote.

"Unatazama nini?" akauliza bila kugeuka.
Kiungo cha nne.
"Kitu gani?"
Tembea tu, nikasema.